Siku Mama Alipovua Viatu Uwanjani

Mimi ni mwoga, na sijawahi kuona haya kulisema. Naogopa mbwa, naogopa ngazi za ghorofa zisizo na vyuma vya kushikilia, naogopa simu ikilia alfajiri. Watu wakisikia kwamba niliwahi kupiga gita la besi katika bendi ya roki, mbele ya uwanja uliojaa pomoni, hudhani nilikuwa msichana wa roho ngumu. Wapi! Niliichagua besi kwa sababu mpiga besi husimama nyuma na hakuna anayemtazama.

Bendi yenyewe ilikuwa ya watu watatu. Kakangu alipiga ngoma, mimi besi, na jirani yetu, mtoto wa mfanyakazi wa reli kutoka magharibi, alipiga gita na kuimba, au tuseme alipiga mayowe kwa mpangilio. Mazoezi tulifanyia kwenye ukumbi wa kaunsili pale Jericho, mashariki mwa Nairobi, siku ambazo hakukuwa na kikao cha harusi. Upande mmoja vijana wa ndondi waliruka kamba, upande mwingine sisi tulipiga kelele zetu, na mlinzi wa ukumbi alikaa mlangoni na pamba masikioni akisubiri siku tutakayochoka.

Miaka ile ya tisini, mtaani kwetu, roki haikuwa muziki tu. Ilikuwa kesi. Hofu ya waabudu shetani ilikuwa imeingia kila nyumba. Wazazi walikagua pete na mishipi ya watoto wao wakitafuta alama ya nyoka. Ilisemekana kuna watu wanaogawa peremende nje ya shule, na mtoto akiila basi amekwisha kuwa wao. Ilisemekana pia kwamba kanda ya roki ikichezwa kinyumenyume humtaja yule mwovu kwa jina. Kakangu alijaribu, akaiharibu kanda na redio ya baba pamoja. Mimi mchana niliwacheka waliokuwa wakiamini mambo hayo, na usiku nililala nimejifunika blanketi hadi kichwani, maana sikuwa na hakika.

Mtu mzima pekee niliyemjua ambaye hakuwa na hofu hiyo alikuwa mama.

Mama alikuwa fundi wa nguo. Baba aliendesha malori ya masafa marefu na tulimwona kwa nadra, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mama na ya cherehani yake, iliyokaa kwenye veranda na kulia kuanzia asubuhi. Alikuwa ameokoka kabla sisi hatujazaliwa, na wokovu wake haukuwa wa mzaha. Wanawake wenzake wa kanisani walipokuja kumwonya kwamba watoto wake wawili wameingizwa kwenye muziki wa kuzimu, aliwasikiliza mpaka mwisho huku akipinda sketi ya shule. Kisha akakata uzi kwa meno.

"Shetani wa wazungu hanijui mimi," akasema. "Atanipatia wapi?"

Halafu, kwa makusudi nadhani, akatushonea vizibao vyeusi vya kuvaa jukwaani.

Alichokiogopa yeye kilikuwa kitu kingine, na sisi tulikijua tangu utotoni kabla hatujalijua jina lake. Nyumbani kwetu ilikuwa marufuku kugonga meza. Ungeweza kuimba, kupiga mluzi, hata kugombana. Lakini vidole vyako vikianza kuchezacheza juu ya meza, juu ya sufuria, juu ya kiti, mguu wa mama ulisimama kwenye cherehani na nyumba nzima ikanyamaza. Hakupiga kelele. Alikutazama tu kwa macho ya mtu aliyesikia mlango ukifunguliwa nyuma yake, nawe ukaondoa mkono. Wageni walidhani ni adabu za mezani.

Sababu nilielezwa na susu, mama yake mzazi, nikiwa darasa la tano, tulipokwenda kwake Mwala, Ukambani, likizo ya Agosti. Tulikuwa tukipukuchua mbaazi. Nilikuwa nimemuuliza kwa nini ngoma yake kubwa imefunikwa kwa gunia na kuwekwa juu ya ghala mama anapokuja. Susu alikuwa mpigaji wa kilumi, ngoma wanayoichezea mizimu kule kwetu, hasa wanawake, wakati kuna ugonjwa usioeleweka au mvua imekataa kunyesha. Akaniambia kwamba kuna watu ambao ngoma hiyo huwapita, wakacheza wakachoka wakaenda kulala. Na kuna wengine inawachukua. Mama yangu, alipokuwa msichana, ilimchukua.

Kuchukuliwa si jambo baya, alisema susu, mradi mpigaji ajue kumrudisha mtu. Kilumi kina mwanzo na kina mwisho wake, na ule mwisho ni mapigo maalumu, ya polepole, ya kumshusha aliyechukuliwa mpaka miguu yake ijue tena kwamba iko chini. Siku hiyo walikuwa katikati mtu alipopiga kelele kwamba askari wa chifu wanakuja kuizima ngoma. Waliokuwa na ngoma wakaziacha wakakimbia. Ngoma ilikatika ghafla, na mama akiwa bado yumo ndani.

"Aliachwa katikati," susu akaniambia, na mikono yake ikaacha kupukuchua. "Msimu mzima hakusema neno. Mimi mama yake alikuwa ananitazama kama mtu wa kupita."

Alirudi polepole, kwa maombi, wakasema watu wa kanisa, na tangu hapo akawa wao. Akaja Nairobi, akaolewa, akanunua cherehani. Na alimwapia susu kwamba ngoma ikimshika tena, haoni kama atarudi mara ya pili. Niliyabeba maneno hayo kuanzia siku ile. Mimi niliyekuwa naogopa kila kitu nilipata hofu moja kubwa iliyoziweka nyingine zote pembeni: kwamba siku moja nitamwona mama akinitazama kama mtu wa kupita.

Kakangu hakuwa na hofu hiyo, ingawa ndiye aliyeijua ngoma yenyewe. Alilelewa na susu mpaka alipofikia umri wa shule, na huko alijifunza mapigo ya kilumi kwa kugonga mtungi wa maji, akiwafuatisha wakubwa. Nilipomsimulia habari ya mama aliniambia kwamba wazee hupenda kutisha watoto. Mara mbili tatu ukumbini alianza kuyachomeka yale mapigo katikati ya wimbo wetu, kwa utani, nami nikaacha kupiga besi mpaka alipoacha yeye. Alicheka. Lakini aliacha.

Mama hakuwahi kuja kwenye mazoezi. Ngoma za kakangu, alizoziita masufuria ya wazungu kwa sababu ya vyuma vyake, hakuzipinga, ila hakutaka kukaa karibu nazo. Basi tulipochaguliwa kupiga kwenye tamasha kubwa la muziki, uwanja wa mpira kando ya Jogoo Road, siku ya Jumamosi, sikutarajia kabisa kwamba angekuja. Ila wiki hiyo kanisani wanawake walikuwa wamehama viti ili wasikae naye. Hilo lilimuuma. Alirudi nyumbani akatoa kitambaa chake cha kijani cha sikukuu, akakipiga pasi.

"Nitakuja," akatuambia. "Wakitaka kuwapiga mawe, waanzie kwangu."

Kakangu alifurahi. Mimi niliogopa, na sikuweza kusema kwa nini, kwa sababu tungepiga roki na roki haikuwa na dhambi yoyote kwake.

Uwanja ulikuwa umejaa tangu saa sita. Watu walitoka Kayole, walitoka Majengo, walitoka Makongeni na watoto migongoni, na kila mtu alikuwa amekuja kwa ajili ya bendi kubwa ya lingala ambayo ingepiga mwisho. Sisi tuliwekwa mapema alasiri, baada ya vijana wa kufokafoka na kabla ya wacheza sarakasi. Ukweli ni kwamba tuliwekwa kama unavyoweka chumvi ya ziada mezani, hakuna aliyeiomba. Nikiwa nyuma ya jukwaa nilichungulia, nikamwona mama kwenye viti vya zege vya pembeni, kitambaa chake cha kijani kinaonekana kutoka mbali, chupa ya chai miguuni, mkoba mapajani. Alikuwa amekaa wima kama yuko ibadani.

Tukapanda. Wimbo wa kwanza haukuwa umefika nusu nilipoelewa kwamba tumeingia pabaya. Kwanza watu walitutazama tu. Kisha wakaanza kuzomea, kwanza wachache, halafu upande mzima. Maganda ya miwa yakaja. Mtu karibu na jukwaa akapaza sauti kwamba hawa ndio wale waabudu shetani, tazameni nguo zao, na neno hilo likaenda nyuma kutoka mdomo hadi mdomo. Nililiona likienda. Nyuso zilibadilika. Mwanzoni walikuwa watu waliochoshwa na muziki wasioupenda, na sasa walikuwa watu wenye kazi ya kufanya. Mimi nimekulia Eastlands, nimeona mwizi akishikwa sokoni, na naijua sura ya umati unapofikia hapo.

Kisha jenereta ikazima.

Gita likafa, besi ikafa, vipaza sauti vikafa. Yule mtangazaji wa jukwaani, ambaye ndiye angewatuliza watu, alikuwa anafungua mdomo na hakuna kinachotoka. Katika ule ukimya, chupa ya soda ikaja ikapasukia kwenye mguu wa stendi ya kipaza sauti. Ya pili ikapita karibu na sikio langu. Vijana wa mbele walikuwa wameanza kushika kingo za jukwaa na kulitikisa. Jirani yetu akamgeukia kakangu, uso umemwisha damu.

"Buda, piga kitu," akamwambia. "Kitu chochote. Hawa wasee watatumaliza."

Kakangu alikuwa na kitu kimoja tu kilichokuwa hakihitaji umeme. Aliinua vijiti. Sidhani hata alifikiri. Mpaka leo anasema mikono ilienda yenyewe, na katika hili namwamini. Mtu akiogopa sana hurudi utotoni, na utoto wake yeye ulikuwa Mwala, mtungi wa maji, na wanawake wazima wakimzunguka. Alipiga kilumi.

Niliyajua yale mapigo kabla hayajamaliza mzunguko wa kwanza. Nilisikia baridi ikinipanda kutoka nyayoni. Ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu ilikuwa inatoa sauti nzito inayokaribia kabisa ile ya ngoma ya susu, na bila umeme, bila gita, hapakuwa na kitu cha kuifunika. Ilikwenda mpaka kwenye ukuta wa uwanja ikarudi.

Na umati ukasimama. Mkono uliokuwa umeshika chupa ukashuka. Watu wa kwetu waliokuwamo humo, na walikuwa wengi, maana Wakamba wamejaa Eastlands, wakaanza kuitikia kwa miluzi na vigelegele. Wasiokuwa wa kwetu wakafuata kwa makofi. Vijana walioshika jukwaa wakaliachia wakaanza kurusha mabega. Kakangu akaona tumepona, akakaza.

Mimi nilikuwa namtazama mama.

Mwanzoni aliukumbatia mkoba wake kifuani akainamisha kichwa, na nikajua anaomba. Nikaomba naye. Nilikuwa nimesimama na gita lililokufa begani, sina la kufanya kwa mikono yangu, magoti yananitetemeka kwa woga hata visigino vikawa vinagonga mbao. Nilimwambia kakangu aache, kisha hapo hapo nikamwambia asiache, kwa sababu nilikumbuka. Akiacha, umati huu utatuvamia. Akiendelea, ngoma itamchukua mama. Na ikiwa imekwisha kumchukua halafu aache, atakuwa amemwacha katikati, kama ile mara ya kwanza. Hapakuwa na upande wa kukimbilia. Sijawahi kuogopa namna ile tena, hata kwenye uzazi.

Nilipomtazama tena alikuwa amesimama. Alimpa mkoba mama mwingine aliyekuwa karibu naye. Kisha akainama, akavua viatu, kimoja halafu kingine, akavipanga chini ya kiti.

Hapo nilijua nimempoteza. Mama yangu hakuwahi kutembea pekupeku nje ya nyumba tangu nimjue. Susu alikuwa ameniambia kwamba wanaocheza kilumi huvua viatu kwanza, ili miguu yao iguse ardhi. Akashuka ngazi za zege, akaingia uwanjani, na watu wakampisha. Mabega yake yalikuwa yanakwenda. Kila nilipomtafuta alikuwa amepotea, kisha anatokea tena karibu zaidi, kisha anapotea. Nilidhani ni watu wanaomkinga. Nilikiona kitambaa cha kijani, nikaliona anga, nikakiona kitambaa. Watu walikuwa wanamshangilia. Walidhani ni sehemu ya shoo, mama mzima wa kanisa anayecheza namna ile, na uwanja wote ukawa wake.

Kakangu akamwona. Nilijua kwamba amemwona kwa sababu pigo moja lilikosa mahali pake.

"Usiache," nikamwambia. "Mshushe. Piga mwisho."

"Siujui mwisho," akasema.

Jasho lilikuwa linamwingia machoni na alikuwa analia, kakangu ambaye hakuamini chochote.

"Walikuwa wananipeleka kulala," akasema. "Kila mara walinipeleka kulala kabla haijaisha. Sijawahi kuusikia."

Ndivyo ilivyokuwa. Alijifunza ngoma akiwa mtoto, na mtoto haachiwi akeshe ngomani. Alikuwa na mwanzo wote, na katikati yote, na zaidi ya hapo hakuwa na kitu. Angeweza kupiga mpaka mikono ianguke na asingeweza kutoka.

Jenereta ikarudi kwa kishindo, gita likalia lenyewe, na jirani yetu, ambaye hakuwa anajua lolote kuhusu haya, aliona nafasi yake. Akaingia juu ya zile ngoma na nyaya zake zote, kwa nguvu. Uwanja ukalipuka. Nasikia ule ndio muda ambao watu hukumbuka hadi leo, gita la roki likilia juu ya kilumi na mama wa kitambaa cha kijani akipanda ngazi za jukwaa. Askari wa jukwaani alinyoosha mkono kumzuia, kisha akaurudisha.

Mama alikuja moja kwa moja kwangu. Nilimtazama usoni nikitafuta yale macho ya mtu wa kupita. Sikuweza kuyaona vizuri. Akanishika kifundo cha mkono, akakibana hata kikauma, na akaukanyaga mguu wangu. Aliuweka unyayo wake mtupu juu ya kiatu changu akauegemea kwa uzito wake wote, na akakaa hivyo. Mbao zikatulia chini yangu. Kisha, bila kuniachia mkono, akanivuta mpaka kwenye ngoma, akainama juu ya ngoma nyingine kubwa iliyosimama upande wa kulia wa kakangu, na akaanza kuipiga kwa kiganja.

Ulikuwa mwisho. Sikuwa nimewahi kuusikia lakini niliutambua. Pigo zito, nafasi, pigo zito, nafasi ndefu zaidi. Kakangu alimfuata kama mtoto anayefundishwa kuandika. Jirani yetu alisikia kitu kinashuka naye akashusha gita lake, na nafasi zikaendelea kurefuka, mpaka ikaja nafasi ambayo baada yake hakuna pigo lililofuata.

Kelele zilizofuata sizikumbuki vizuri. Nakumbuka mama alivyonyoosha mgongo, akajifuta viganja kwenye sketi.

"Viatu vyangu nani ameviangalia?" akauliza.

Nikaangua kilio pale pale jukwaani, mbele ya uwanja mzima. Lilikuwa swali la mama yangu, kwa sauti ya mama yangu, na alikuwa ananitazama mimi na kunijua. Jirani yetu alipiga magoti akaanza kunifungua waya wa besi, uliokuwa umenizunguka miguu tangu vifundoni hadi karibu na magoti.

"Maze, umejifunga aje hivi?" akaniuliza.

Tulirudi nyumbani kwa miguu kupitia Jogoo Road, watu wakitupungia mikono. Walewale waliotuita mashetani walitaka kutusalimia. Mtaani habari ilifika kabla yetu. Wanawake wa kanisa walikuwa wamekwisha kuipatia maelezo: Roho alimshukia dada yetu katikati ya kambi ya adui, akapanda akaipokonya ngoma mikononi mwa shetani. Jumapili iliyofuata walimwomba atoe ushuhuda na viti vyao vikasogea karibu naye tena. Na vijana wa mtaa wakawa na maelezo yao, kwamba tulipanga kila kitu, mathe wetu na jenereta, na kwamba tulikuwa na akili kuliko bendi zote. Mpaka leo nikikutana na mtu wa rika langu kutoka Buruburu au Umoja hunisifu kwa mpango ule. Mimi humwachia aseme.

Jioni ile mama aliwasha jiko akapika chai. Jirani yetu alikuwa amekaa nasi, hataki kwenda kwao. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia, nikamwambia mama kwamba nilidhani ngoma imemchukua na hatarudi.

Alimimina chai katika vikombe vyote kabla ya kujibu.

"Mimi haikunichukua," akasema. "Ilinipita. Nilishika kiti nikaomba, ikanipita."

Nikamuuliza basi alivua viatu vya nini, alicheza vya nini.

"Nilikuona wewe."

Nilimwambia kwamba mimi nilikuwa nimesimama. Nilikuwa naogopa, magoti yalikuwa yanatetemeka, lakini nilisimama palepale muda wote nikimtazama yeye.

"Ulikuwa unazunguka, mwiitu," akasema, kwa neno letu la binti, ambalo hulitumia anapokuwa mpole sana. "Kichwa nyuma, macho wazi, hauoni mtu. Kama mimi nilivyokuwa. Ningekaa pale, huyu angechoka, angeacha, na wewe ungebaki huko. Nikashuka nije nikuchukue. Huwezi kumtoa mtu huko bila kucheza naye."

Nilimgeukia jirani yetu ili anitetee. Alikuwa anautazama mkeka.

"Ulikuwa unazunguka kweli," akasema. "Nilidhani ni shoo."

Nikaukumbuka ule waya. Nikakumbuka kitambaa cha kijani kilivyokuwa kikipotea na kutokea, na anga lililokuwa likiingia katikati, na visigino vyangu kwenye mbao. Yote hayo nilikuwa nimeyaona, na yote nilikuwa nimeyapa jina la woga kwa sababu woga ndio kitu ninachokijua. Sehemu ya siku ile ambayo nilikuwa nimeishika kwa uhakika kabisa, kwamba mimi nilisimama na mama ndiye aliyechukuliwa, haikuwa imetokea. Nilikitua kikombe.

Mama alivisogeza vikombe vyote pembeni, akaifuta meza kwa upindo wa leso yake, ile meza ambayo hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuigonga. Alikuwa anaogopa, nilimwona. Akailaza mikono yake juu ya mbao. Akamwambia kakangu aweke yake, kisha akaniambia na mimi niweke yangu.

"Mwanzo hatuupigi," akasema. "Mnaujua, na nyumbani kwangu hautapigwa. Tunapiga mwisho tu. Kila mmoja wenu ataujua akiwa usingizini."

Akagonga, pigo zito, akasubiri. Tukagonga nyuma yake. Nilikosea, nikawahi, na chini ya meza nikahisi unyayo wake mtupu ukiutafuta mguu wangu, ukaupata, ukaukanyaga.

"Tena," akasema. "Polepole."